Kangaga na Ardhi Iliyoachwa

Mimea ina sifa zake mbele ya watu, kama watu walivyo na sifa zao mbele ya majirani. Mnazi husifiwa, mpunga hutunzwa, na kangaga hulaumiwa. Msafiri apandaye milima ya Usambara au miteremko ya Kilimanjaro, mahali palipofyekwa msitu na kupitiwa na moto, hulikuta limesimama mpaka kifuani mwake, na majani yake mapana yamechanwachanwa kama manyoya ya ndege. Kangaga hilo, ambalo wataalamu huliita Pteridium, na jamaa zake wa karibu, wameenea katika kila bara la dunia isipokuwa lile la barafu lililo kusini. Ni mimea michache sana iliyosafiri mbali kiasi hicho bila ya kubebwa na mkono wa mtu.

Lakini nchi chache zimeandika habari za kangaga kwa muda mrefu na kwa uchungu mwingi kama zilizo katika kisiwa cha Britania, yaani Uingereza, Wales na Uskoti. Huko limeitwa adui, mwivi wa malisho na jeshi la kijani. Serikali zimetoa fedha lipigwe. Ndege za helikopta zimepelekwa juu yake na sumu. Hata hivyo, mtu akizisoma habari hizo kwa utaratibu, toka mwanzo, huanza kutilia shaka jina hilo la mvamizi. Mvamizi hutoka nje. Kangaga lilikuwako nyumbani siku zote. Swali la historia ni nani aliyekuwa akilizuia, na kwa nini aliondoka.

Yafaa kwanza kulijua umbile lake, maana bila ya hilo mambo yaliyofuata hayaelezeki. Kinachoonekana juu ya ardhi ni sehemu ndogo tu ya mmea wenyewe. Chini yake limelala shina jeusi litambaalo, lenye matawi ya namna mbili: yale yaliyo chini zaidi ni ghala ya chakula, na yale yaliyo karibu na uso wa ardhi ndiyo yazaayo majani. Majira ya baridi yakiisha, jani changa huchomoza likiwa limejikunja kama kichwa cha bakora, kisha hujikunjua na kurefuka. Baridi ya mwisho wa mwaka hulifanya likauke, likawa rangi ya kutu, likaanguka. Majani makavu ya miaka mingi hulaliana yakawa godoro zito. Godoro hilo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hulinda shina la chini lisipatwe na jalidi, na huziba pumzi ya kila mche mwingine utakao kuota pale. Shina lenyewe hujigawa na kutambaa, na pengine kilima kizima kimefunikwa na mmea mmoja ambao umri wake ni mamia ya miaka.

Pamoja na nguvu hizo lina udhaifu wake. Jani changa ni laini kama kidole cha mtoto. Jalidi ikilikuta hulichoma, na ukwato wa ng'ombe ukilikanyaga hulivunja. Kila jani livunjwapo, ghala ya chini hutumika kutoa jingine, na likivunjwa mara mbili tatu kwa mwaka, miaka kadhaa mfululizo, ghala huanza kupungukiwa. Kivuli cha msitu mzito hulidhoofisha, na ardhi ya majimaji hailipendi. Basi penye miti mikubwa, penye mundu na penye ng'ombe wengi, kangaga hukaa kwa adabu.

Mtu aliyelichunguza kwa subira kuliko wengi ni Alexander Stuart Watt wa Cambridge, aliyezaliwa mwaka 1892 na kufa mwaka 1985. Kwa miaka mingi alirudi katika nyika za mchanga za Breckland, mashariki ya Uingereza, akipima yale makangaga yale. Aliona kuwa safu ya mbele husonga kwa nguvu, nyuma yake hufuata makangaga marefu yaliyokomaa, na nyuma zaidi huja mahali ambapo mmea umechoka, godoro la majani makavu limepungua, na mimea mingine yapata nafasi ya kurudi. Katika makala yake ya mwaka 1947, ambayo wasomi wa elimu ya mimea huisoma mpaka leo, alilitumia kangaga kuwa mmojawapo wa mifano ya jinsi mimea ya mahali pamoja inavyopokezana zamu. Picha hiyo ni mbali sana na ile ya jeshi lisiloshindwa.

Uzazi wake nao uliwatatiza watu wa kale. Kangaga halina ua wala tunda. Nyuma ya majani yake huwa na vumbi la kahawia, na jani moja huweza kutoa chembe mamilioni. Kwa kuwa watu waliamini kila mmea una mbegu, na mbegu ya huu hawakuiona, walikata shauri kwamba mbegu yake haionekani, na ya kwamba mtu aipataye naye hataonekana. Shakespeare alilitia jambo hilo katika mchezo wake wa Henry IV, akawapa wanyang'anyi wajivunie. Hata mwaka 1851 Mjerumani Wilhelm Hofmeister alipoeleza kwa ukamilifu jinsi mimea ya namna hii inavyozaliwa: chembe ya vumbi huota kijimea chembamba kama ukucha, na juu ya kijimea hicho, penye unyevu, ndipo mbegu za kiume na za kike zikutanapo. Kijimea hicho ni dhaifu, na katikati ya majani yaliyostawi hakipati mahali. Hupata mahali panapoachwa wazi, hasa palipoungua. Mwenye kuchoma nyika hulifungulia kangaga mlango mara mbili, kwa kuwa shina lililo ardhini haliungui, na majivu huwa kitalu cha vumbi lake.

Ukale wa kangaga katika Britania hauna shaka. Chembe za vumbi lake zimehifadhiwa katika matope ya vinamasi, na huzidi katika tabaka za zama ambazo wakulima wa kwanza walianza kukata misitu, maelfu ya miaka iliyopita. Majina ya miji nayo ni mashahidi. Farnham na Farnborough, kusini ya Uingereza, zimetokana na neno la kale la kangaga. Brackenthwaite, kaskazini, ni jina la uwanda uliofyekwa penye makangaga. Waskoti wa milimani huliita raineach kwa lugha yao ya Kigaeli. Watu hawatii jina la mji kwa kitu ambacho hawakioni kila siku.

Wala hawakuliona tu, walilitumia. Majani makavu yalitandikwa zizini badala ya majani ya ngano, na yakishalowa mkojo na samadi yalipelekwa shambani yakawa mbolea. Yaliezekea nyumba. Yalifungia matunda na vyombo vivunjikavyo visafiripo. Yaliwasha tanuri za mkate na za matofali. Yakichomwa mabichi hutoa majivu yenye potashi nyingi, na majivu hayo yalitumika kufulia nguo, kupika sabuni na kutengeneza kioo. Kwa ajili hiyo vilima vingi viliwaka moto kila kiangazi. Mwaka 1636, Mfalme Charles wa Kwanza alipokuwa akikusudia kupita katika jimbo la Staffordshire, waziri wa nyumba yake alimwandikia mkuu wa jimbo barua ya kuzuia watu wasichome makangaga mpaka mfalme apite, kwa kuwa iliaminiwa kwamba kuchoma makangaga huleta mvua. Msafara wa mfalme ulitaka njia kavu! Jambo dogo hilo laonyesha jinsi uchomaji wa majivu ulivyokuwa kazi ya kawaida, hata uliwekwa katika hesabu ya safari ya kifalme.

Mabaraza ya vijiji na ya mabwana wa ardhi, hasa kaskazini ya Uingereza, yaliweka siku maalumu ambayo kabla yake hakuna mtu aliyeruhusiwa kutia mundu katika makangaga ya nyika ya wote, na aliyetangulia alitozwa faini. Kwa mtu wa leo amri hiyo yashangaza. Mmea ambao watu huapa hautokwisha ulikuwa ukilindwa usiibwe, kwa kuwa wenye kuuhitaji walikuwa wengi kuliko wingi wake. Katika hali hiyo lingewezaje kuwa balaa?

Haki ya kulikata ilikuwa mali, na mali hugombewa. Ugomvi mashuhuri kupita yote ulitokea katika msitu wa Ashdown, Sussex, ambao kwa kweli si msitu mzito bali ni nyika pana ya vichaka, miiba na makangaga. Ardhi yake ni maskini. Wakulima wadogo waliokaa kandokando yake walikuwa na haki za zamani za kulisha mifugo humo, na kila mwisho wa mwaka waliingia na miundu mirefu, wakakata makangaga na vichaka, wakajaza mikokoteni. Bila ya matandiko hayo ng'ombe wangelala katika tope, na bila ya samadi yake mashamba yao ya mchanga yasingezaa kitu.

Bwana wa ardhi hiyo, Earl De La Warr wa saba, alikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kusema na nzito kuikubali: kwamba haki ya malisho ni ya kinywa cha mnyama, mnyama na aingie ale anachoweza kula, lakini mtu asiingie na chombo cha chuma akabeba. Mwaka 1877 mlinzi wake alimkuta mtu aitwaye John Miles akikata makangaga kwa amri ya mmoja wa wenye haki, Bernard Hale, na kesi ikapelekwa London. Upande wa wakulima ulimpata wakili kijana, William Augustus Raper, ambaye alifanya kazi isiyo ya kawaida kwa mawakili wa zamani zile. Alitembea nyumba hata nyumba akiwasikiliza wazee, wake kwa waume, akaandika kila mmoja alikata nini, wapi, tangu lini, na baba yake alikata nini kabla yake. Wengi wao hawakujua kusoma. Kumbukumbu zao zilirudi nyuma mpaka mwanzo wa karne ile ya 19, na daftari za Raper zimebaki, nazo leo ni hazina ya historia ya watu ambao vitabu vya mabwana haviwataji ila wanapodaiwa.

Mwaka 1880 hakimu alimpa ushindi Earl. Mwaka 1881 Mahakama ya Rufaa iliipindua hukumu, ikasema kuwa mtu aliyekata kwa miaka 60 bila ya kuzuiwa amekwisha pata haki ya kukata. Sheria ya Bunge ya mwaka 1885 iliunda baraza la kuusimamia msitu huo. Wazee wa Ashdown walishinda, na ushindi huo wastahili kukumbukwa. Lakini historia ina dhihaka zake. Haki iliyopatikana kwa taabu namna hiyo ilianza kukosa wa kuitumia kabla ya wajukuu wao kuzeeka. Reli ilileta majani ya ngano kwa bei rahisi. Mbolea ya viwandani ilifika kwa magunia. Vijana walipata mishahara mijini. Miundu ikatundikwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mifugo nayo ilipungua nyikani, na sehemu kubwa ya uwanda ule uliokuwa wazi ikaanza kufunikwa na makangaga na miti michanga.

Kilichotokea Ashdown polepole kwa kuvutwa na fedha, Uskoti ya kaskazini kilitokea kwa kufukuzwa. Katika mabonde ya milima ile watu waliishi kwa ng'ombe wadogo weusi, mbuzi, kondoo wachache, shayiri na viazi. Kiangazi wanawake na vijana walipanda na mifugo mpaka malisho ya juu, wakakaa vibandani wakikamua na kusindika jibini. Wakati wa baridi ukikaribia, ng'ombe waliozidi walisukumwa kwa miguu mpaka masoko makubwa ya kusini, kama Falkirk. Kangaga lilikuwako, nao walilijua: liliezekwa, lilitandikwa, na majani yake machanga yalisagwa na kwato kila mwaka katika njia za kupanda na kushuka.

Tangu nusu ya pili ya karne ya 18 wenye ardhi waliona kuwa mkodishaji mmoja wa kondoo kutoka kusini hulipa kodi kubwa kuliko wakulima mia. Watu wakaanza kuondolewa. Mwaka 1792 wenyeji wa Ross walijaribu kuwaswaga kondoo wote wageni nje ya nchi yao. Askari waliitwa, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Kondoo. Katika jimbo la Sutherland kazi hiyo ilifanywa kwa utaratibu wa kutisha. Bonde la Strathnaver lilifutwa watu, hasa katika miaka ya 1814 na 1819, na mapaa ya nyumba yakachomwa ili wenyewe wasirudi. Patrick Sellar, aliyekuwa karani wa mwenye ardhi na papo hapo mkodishaji wa malisho yale yale ya kondoo, alishtakiwa mjini Inverness mwaka 1816 kwa vifo na uharibifu. Baraza la wazee likamwachilia. Wenyeji walipelekwa pwani wakafundishwe kuvua samaki katika bahari wasiyoizoea, au walipanda merikebu kwenda Kanada na kwingineko.

Baada ya watu, ardhi. Kondoo hana mwenendo wa ng'ombe. Ng'ombe ni mzito, hula kwa ulimi akizoa majani marefu kwa mafupi, na apitapo katika makangaga huyavunja. Kondoo ni mwepesi, na midomo yake huchagua. Huyakata majani mazuri mpaka mzizini na kuliacha kangaga wima. Wachungaji nao walichoma vilima mara kwa mara ili kondoo wapate majani machanga. Kila kitu kilichokuwa kikilipunguza kangaga kiliondolewa, na kila kitu kilichokuwa kikilisaidia kikazidishwa. Tena kangaga halikuchukua miamba wala vinamasi. Lilipenda udongo ulio wa kina, usiotuamisha maji, wenye rutuba. Na udongo wa namna hiyo, katika nchi ile ya mawe, mara nyingi ulikuwa ndio ule uliosafishwa na kutiwa samadi na vizazi vya wakulima waliofukuzwa. Katika mabonde mengi, mtu asimamapo ng'ambo wakati makangaga yanapokauka huona madoa ya rangi ya kutu yamefuata umbo la mashamba ya kale. Frank Fraser Darling, katika uchunguzi wake mkubwa wa nchi za magharibi ya Uskoti uliochapishwa mwaka 1955, alihesabu kupungua kwa ng'ombe na kuongezeka kwa kondoo miongoni mwa sababu za kudhoofika kwa ardhi ile na kuenea kwa makangaga.

Haki yataka isemwe pia kwamba Sellar na wenzake si sababu pekee. Makangaga yalilalamikiwa na wakulima wa milimani kabla ya kondoo wa kusini kufika. Misitu ilikuwa imekwisha katwa zamani, na kivuli chake kilikwenda nayo. Vilima vya Wales, ambavyo havikupata kufukuziwa watu kwa namna ile, navyo vimevaa kangaga. Huko lililotoweka ni matumizi. Elimu ya viwanda iligundua, mwisho wa karne ya 18, njia ya kutengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida, na wapika sabuni na kioo hawakuhitaji tena majivu ya mlimani. Vita vya mwaka 1914 vikawachukua vijana waliobaki. Wakati wa vita vya mwaka 1939, chakula kilipokuwa haba, ardhi ya makangaga ililimwa upya mahali pengi na kupandwa viazi. George Stapledon wa Aberystwyth, bingwa wa majani ya malisho, alikuwa amehimiza kwa miaka mingi kwamba vilima visidharauliwe. Wakulima walikuwa na msemo wao tangu zamani, kwamba chini ya kangaga kuna dhahabu, chini ya miiba fedha, na chini ya vichaka vya mlimani njaa. Msemo wa kale ulithibitika. Vita vilipokwisha, bei ya viazi na wingi wa wafanyakazi vilibadilika, na kangaga likarudi mahali pake.

Madhara yake kwa wanyama yalijulikana kwa vipande vipande. Farasi walioshinda wakilila, hasa katika majani makavu, walipepesuka kama walevi na kufa. Ilikuja kufahamika kwamba mna kitu kiharibucho vitamini B1 mwilini mwao. Ng'ombe walitokwa na damu puani na matumboni, na wengine kwa miaka mingi walikojoa damu, kwa uvimbe uliomea ndani ya kibofu. Kondoo waliolila miaka mingi walipofuka. Mtaalamu wa Wales, William Charles Evans wa Bangor, aliishika kazi ya kuichambua sumu hiyo, na mwaka 1965 yeye na mwenzake walitangaza kwamba panya waliolishwa kangaga walipatwa na saratani ya matumbo. Sumu yenyewe ilitengwa mwaka 1983, na wachunguzi wa Japani na wa Uholanzi waliokuwa wakifanya kazi mbalimbali, ikaitwa ptaquiloside. Huyeyuka katika maji, na huweza kupita katika maziwa ya ng'ombe aliyelila. Habari hiyo iliwagusa Wajapani hasa, maana wao huyala machipukizi yake, ingawa desturi yao ya kuyaloweka na kuyachemsha kwa majivu au magadi huipunguza sumu sana.

Godoro la majani makavu lina mgeni mwingine. Kupe hupenda unyevu wake na kivuli chake. Humo hungoja kondoo, paa na watu wapitao, na huwaambukiza maradhi. Mbegu za miti ziangukazo juu ya godoro hazifiki ardhini, na zile chache zichipuazo hulaliwa na majani mazito mwisho wa mwaka zikafa. Kwa njia hiyo msitu, ambao ndio mshindani halisi wa kangaga, huzuiliwa usirudi. Lakini hata hapa hukumu moja haitoshi. Kipepeo mmoja wa rangi ya machungwa, aliye miongoni mwa vipepeo walio hatarini kabisa katika Britania, hutaga mayai yake penye makangaga, kwa kuwa majani makavu hutunza joto la jua na chini yake huota maua madogo ya zambarau ambayo viwavi wake huyala. Mahali ambapo mundu na kwato hupita kwa kiasi, maua hayo huota na kipepeo hukaa. Pakiachwa kabisa, godoro huzidi unene, maua hufa, na kipepeo huondoka. Naye alizoea kuishi na wakulima.

Tangu kiasi cha mwaka 1970 matumaini yaliwekwa katika dawa. Asulam ilikuwa na sifa ya kuliua kangaga na jamaa zake bila ya kudhuru sana majani mengine, na iliweza kumwagwa toka angani mahali ambapo trekta haipandi. Vilima vingi vilinyunyizwa. Mwaka wa kwanza ulipendeza macho. Miaka michache baadaye, pale ambapo hapakuwa na mtu wa kurudia wala mfugo wa kukanyaga, shina la chini lilianza upya. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiidhinisha tena. Uingereza iliendelea kuiruhusu kwa vibali vya dharura vya mwaka kwa mwaka, na mwaka 2023 serikali ya Uskoti ikakataa kutoa kibali chake. Wafugaji walinung'unika kuwa wamenyang'anywa silaha pekee. Hawakukosea juu ya uzito wa kazi, maana mtu mmoja mwenye kondoo mia kadhaa juu ya mlima hawezi kufanya kwa mundu kile kilichofanywa zamani na kijiji kizima. Lakini silaha hiyo ilikuwa ikifanya kazi ya watu kwa mwaka mmoja au miwili tu, kisha ikawataka watu walewale waliokosekana.

Njia nyingine ilitafutwa Afrika. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa Uingereza, John Lawton wa York akiwa mbele yao, walichunguza nondo wawili wa Afrika ya Kusini ambao viwavi wao hula kangaga. Walifungiwa maabarani, wakajaribiwa wasije wakala mimea mingine, na hoja ya kuwafungulia ikajadiliwa kwa muda mrefu. Hawakufunguliwa kamwe. Wengine walichelea kwamba mdudu aliyeletwa harudishwi. Wengine waliuliza ni kitu gani kingeota mahali pa kangaga likishakufa, ikiwa ardhi yenyewe haina mwenye kuitumia. Swali la pili lilistahili kuulizwa kabla ya la kwanza.

Wakati huo huo shina jeusi laendelea kutambaa, na si katika malisho tu. Juu ya uwanda wa Dartmoor, kusini magharibi ya Uingereza, kuna misingi ya mawe ya nyumba za mviringo zilizojengwa na wafugaji zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Udongo wa ndani yake umelala tabaka juu ya tabaka: jivu la jiko, kipande cha chungu, sakafu iliyokanyagwa. Mashina ya kangaga hupenya katikati ya tabaka hizo, yakalipandisha jivu na kukishusha kigae, hata mchimbaji afikapo hawezi kujua kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Kwa ajili hiyo watunzaji wa mambo ya kale huko hupanga siku za kiangazi za kwenda kufyeka makangaga juu ya nyumba hizo, kwa mkono, mwaka hata mwaka.